Kitako cha Bunduki ya Ruti

Jolly alinipigia simu nikiwa nasahihisha mitihani ya watoto wa darasa la sita, hapa Kashojwa, katika kambi ya wakimbizi ya Nakivale. Aliniambia baba yake, Mzee Bangirana, amefariki asubuhi hiyo, na kwamba angezikwa Ruti, nyuma ya nyumba, karibu na migomba. Nilisema pole. Nilisema Mungu ampumzishe, na mengine yote ambayo mtu husema, lakini kichwani mwangu lilikuwa likizunguka swali moja tu: sasa nani atasema? Niliona aibu kwamba hilo ndilo lililonijia kabla ya huzuni. Halafu nikaanza kujiuliza kama aibu ile ilikuwa ya kweli, au nilikuwa najitengenezea aibu ili nijione mtu mwema. Nikabaki na kalamu mkononi hadi watoto wakaanza kunitazama. Ndivyo nilivyo. Jambo dogo hunila siku nzima, na hili halikuwa dogo. Kwa miaka yote tangu nilipotoka nyumbani kwake nilikuwa nikimngojea yule mzee aende kwenye ofisi moja pale Base Camp, zilipo ofisi za kambi, aseme, mbele ya mtu mwenye mamlaka ya kuandika, kwamba kile kitako cha bunduki alinipa yeye mwenyewe, kwa mkono wake. Kwa sababu hakusema, mama yangu na wadogo zangu wako Kanada, na mimi niko hapa.

Mwaka ule wa kitako ulianza vizuri, na hilo ndilo linaloniuma zaidi ninapoukumbuka. Nilikuwa nimemaliza chuo Mbarara kwa ufadhili wa wakimbizi, nikakataa kurudi Nakivale moja kwa moja kwa kuwa niliamini kazi iko mjini na itanikuta nikiwa karibu. Nikapanga chumba Ruti, pembeni mwa mji, katika nyumba ya nyuma ya Mzee Bangirana. Kilikuwa chumba chembamba chenye dirisha moja, sakafu ya saruji iliyopasuka kama ramani, na ukuta ambao upande wa pili ulikuwa stoo ya mzee. Asubuhi nilipeleka maombi ya kazi. Mchana nilirudi kungoja simu. Wote walisema watanipigia, nami niliwaamini, na kwa kuwa niliwaamini sikuthubutu kwenda mbali na mahali penye mtandao. Nilikaa dirishani nikikwaruza rangi ya fremu kwa wembe, bila kujua kwamba nakwaruza, hadi siku moja mzee akasimama nje akiwa na ndoo ya maji ya ng'ombe.

"Wewe msichana," akasema, "unakula nyumba yangu?"

Nilitazama chini nikaona maganda ya rangi yamejaa mapajani. Nikaomba msamaha zaidi ya ilivyohitajika. Mzee alikuwa dereva wa malori ujana wake wote, akipeleka mizigo Mombasa na kurudi, na Kiswahili chake alikiokota njiani, hakikujali ngeli wala nyakati. Alinisikiliza hadi nikamaliza, akaweka ndoo chini. "Kama mikono iko nawasha, kuja. Mimi nitakupa kitu ya kukwaruza."

Alinipeleka stoo. Nyuma ya magunia ya mtama na matairi ya zamani akatoa kitu kirefu kilichoviringishwa kwenye blanketi la jeshi, akakifungua juu ya meza. Ilikuwa bunduki ya aina ya shotgani, ya mtutu mmoja, ile inayovunjwa katikati kwa bawaba ili kutiwa risasi moja tu. Kutu ilikuwa imeula mtutu hadi ukafanana na gome la mti. Mbao yake ilikuwa nyeusi kwa uchafu na vanishi iliyokauka. Nilirudi nyuma mpaka mgongo ukagusa mlango. Huko tulikotoka, upande wa Kivu ya Kusini, nilikuwa nimeona bunduki nyingi na hata moja haikuwa upande wetu.

"Hapana ogopa," mzee akasema. "Hii haiwezi ua hata panya. Risasi hakuna. Na ile sindano ya ndani imekufa kabla wewe hujazaliwa. Hii ilikuwa ya baba yangu, ya kufukuza fisi kwa ng'ombe. Nataka iwe kama yeye alikuwa anaibeba. Niweke kwa ukuta, watu waone."

Nilifikiri siku kadhaa. Niliorodhesha kichwani kila baya linaloweza kumpata mkimbizi aliyeshika bunduki ya mtu, nikajijibu kwamba bunduki ina mwenyewe, mwenyewe ana kibali, haitoki stoo, haina risasi. Mzee mwenyewe hakutaka ilie tena. Jumamosi nikaenda. Baada ya hapo nilikwenda kila Jumamosi, na Jumapili baada ya misa, na baadaye hata siku za kazi, kwa kuwa kazi haikuja. Mzee alifungua skrubu, kwa sababu mikono yake ilikuwa na nguvu na ilijua lini skrubu inakaribia kuvunjika. Mimi nilisugua. Nilichovya waya laini wa kusugulia sufuria kwenye mafuta, nikasugua kipande cha mtutu kisichozidi kidole, nikafuta, nikatazama, nikasugua tena. Kutu haikubali kuharakishwa. Ukitumia nguvu unachubua chuma kilicho chini yake, na mzee alikuwa amenionya kwamba chuma kikichubuliwa hakirudi. Kwa mtu kama mimi, anayefikiri mambo kumi kwa wakati mmoja, lilikuwa jambo la ajabu kupewa kitu ambacho kinataka ufikirie kidole kimoja tu cha chuma. Nilipokuwa stoo sikusikia simu. Naandika hivyo na bado najishangaa.

Chakula tulikula humo humo, juu ya gunia lililogeuzwa meza. Mke wa mzee, ambaye wote tulimwita Maama Jolly, alileta karo, ule ugali wa ulezi unaonata vidoleni, pamoja na eshabwe nyeupe ya samli, akasimama mlangoni kutazama kama tunakula kweli. Alisema nami Kinyankore, nami nilikuwa nimekijua kiasi cha kujibu, kwa hiyo maneno yake nayaandika hapa kwa Kiswahili. "Mnamlisha nani zaidi," aliuliza, "nyinyi au hiyo bunduki?" Mzee alicheka hadi akakohoa. Alinisimulia juu ya barabara ya Mombasa, juu ya mizani, juu ya rafiki aliyelala usingizi kwenye usukani na kuamka akiwa ndani ya duka la mtu. Alipenda kunitania kuhusu digrii yangu. "Chuo walikufundisha maendeleo," alisema. "Sasa hii ndiyo maendeleo. Jana kutu, leo inang'aa." Siku moja nikiwa chumbani, nilimsikia upande wa pili wa ukuta akimwonyesha jirani mtutu. Jirani akauliza fundi ni nani. "Ni muhara wangu," mzee akajibu, yaani binti yangu. Jirani akasema Jolly si yuko Kampala. "Si Jolly. Huyu mwingine, wa nyuma." Nilikaa kitandani nimeshika mto. Nilijiambia kwamba ni neno tu, wazee huwaita hivyo wasichana wote. Lakini nililirudia kichwani wiki nzima, na nikampigia mama simu nikamwambia kwamba nimepata watu.

Mbao ndiyo iliyotuchelewesha. Nilipoondoa vanishi yote na uchafu kwa msasa, kitako kilionekana kuwa cha mti mzuri wenye mistari ya kahawia, ila palipo pembamba, pale mkono unaposhika, palikuwa na ufa mrefu. Mafundi wa mjini walisema tutupe, tuchonge kingine. Mzee akakataa. Akaweka kiganja chake juu ya ufa akasema hapo ndipo mkono wa baba yake ulipokuwa. Basi tukaamua kwanza kukikausha vizuri, kwa sababu mbao ilikuwa imenyonya unyevu wa stoo na ufa ulifunguka na kujifunga kadiri ya mvua. Ni Maama Jolly aliyetoa wazo. Alikuwa na desturi ya wanawake wa Ankole, kuvifukiza vyombo vya mbao vya maziwa, vile wanavyoviita ebyanzi, juu ya chungu kidogo chenye nyasi zinazoungua polepole bila moto. Ni nyasi zile zile ambazo watu husema ndizo zilizoupa mji wa Mbarara jina. Moshi wake huingia ndani ya mbao, huikausha bila kuipasua, na huacha harufu tamu ambayo maziwa huichukua. Kazi hiyo hufanywa ndani, kwa utulivu, na si kila mtu huruhusiwa kuigusa. Mimi aliniruhusu. Alinionyesha namna ya kukishika chombo kichwa chini juu ya moshi, na namna ya kukigeuza. Alipomaliza vyombo vyake akanipa nafasi, nikashika kitako cha bunduki juu ya chungu kile kile, mchana baada ya mchana.

"Sasa hii itanywa maziwa," akasema.

"Itatapika," mzee akajibu kutoka uani.

Niliamini nimeingia katika nyumba ile kwa milango yote miwili, wa mwanamume na wa mwanamke. Mtu anayejua mambo angeniambia nipunguze. Lakini hapakuwa na mtu, na mimi, ambaye hushuku hata salamu, siku hizo sikushuku chochote.

Wakati huo huo mambo ya nyumbani yakaanza kwenda mbio. Kesi ya familia yetu ya kupelekwa Kanada, ambayo ilikuwa imelala miaka mingi hadi tukaacha kuitaja, iliamka. Tuliitwa kwa mahojiano, tukaitwa kwa madaktari. Mama akanipigia kusema nirudi Nakivale nikae karibu, kwa sababu ofisi ikiita na mtu mmoja akikosekana, wote wanarudishwa nyuma. Nami nilikuwemo katika kesi hiyo, jina langu likiwa chini ya la mama. Nilipomwambia mzee kwamba naenda kukaa nyumbani kwa muda, alitazama kitako kilichokuwa mapajani mwangu, kikavu sasa, kikinukia, na ufa wake bado wazi. Nikamwambia kwamba Kashojwa kuna Mrundi mmoja, Papa Nestor, ambaye huziba nyufa za inanga, zile ala za nyuzi za kwao, kwa gundi ya ngozi na vijiti vyembamba, na akimaliza, hata ukitazama huwezi kujua ufa ulikuwa wapi. Nilisema hivyo kwa kusimulia tu. Mzee ndiye aliyesema nipeleke.

"Mzee, haitakuwa shida kule kambini?" nikauliza. Nakumbuka kabisa kwamba niliuliza, kwa sababu mimi huuliza kila kitu.

"Shida ya nini? Mtutu iko hapa. Chuma yote iko hapa. Hiyo ni mbao tu. Peleka."

Maama Jolly alikuwa akipepeta ulezi mlangoni. "Mwandikie karatasi," akasema bila kuinua uso.

"Karatasi ya mbao?" mzee akacheka. "Nikimpa kiti akakae, pia niandike karatasi?"

Nami nikacheka. Nilikifunga kitako ndani ya kitenge, nikakilaza katikati ya nguo zangu kwenye begi, nikaenda.

Mama alikiona nilipokuwa natoa nguo. Alikuwa akichambua mboga za lengalenga za jioni, akasimama na majani mkononi. "Mapendo, hii kitu ni nini umeleta mu nyumba?"

"Ni mbao, mama. Ya mzee wa Ruti."

"Mbao ya nini?"

"Ya bunduki yake. Lakini ni kitako tu, bunduki yenyewe iko kwake."

Aliketi polepole. "Tunangojea ndege, na weye unaleta bunduki."

"Si bunduki, mama."

"Batu bataona mbao? Miye nakwambia, batu bataona bunduki. Rudisha kesho."

Ningemsikiliza. Lakini kuirudisha na ufa wake niliona ni kumwangusha mzee, na nilimwogopa mzee asinione mtu wa maneno kuliko nilivyomwogopa mama. Kesho yake nikampelekea Papa Nestor kwenye banda lake. Alifungua kitenge, akakifunga tena haraka.

"Hii si inanga, dada."

"Ni kitako, Papa."

"Nimeona. Miye nimetoka Burundi, sitajua kitako?" Alitazama njia, ambapo wanawake wawili walikuwa wakinunua ndagala, wale dagaa wakavu, kwenye kimeza cha jirani. Halafu akafungua tena, akapitisha kidole juu ya ufa, na uso wake ukabadilika jinsi uso wa fundi unavyobadilika. "Mbao nzuri. Acha. Nitaziba. Lakini usiambie mutu."

Sikumwambia mtu. Nani alisema, sijui mpaka leo. Nimewashuku wale wanawake wa ndagala, nimemshuku kijana anayechaji simu karibu na banda, nimeshawahi kumshuku hata Papa Nestor mwenyewe, nikajuta, nikamshuku tena. Siku niliyokwenda kukichukua, ufa ukiwa umezibwa kiasi kwamba niliutafuta kwa ukucha nisiupate, polisi wawili walikuja nyumbani pamoja na mwenyekiti wa kijiji. Walikuwa wameambiwa kwamba katika nyumba ile kuna msichana aliyeleta bunduki kutoka mjini. Walipekua magodoro. Walimwaga unga. Mwisho nikawapa kitenge mwenyewe, na wadogo zangu wakiwa wamesimama ukutani kama wanaopigwa picha, nikapelekwa Base Camp.

Afisa wa zamu alikuwa mtu wa makamo, Mnyankore, mwenye sauti ya chini. Hakunitukana. Aliweka kitako mezani akaniuliza kimetoka wapi, nikaeleza kila kitu, kirefu mno, nikarudi nyuma kurekebisha mambo yasiyo na maana, kama siku ilikuwa Jumamosi au Jumapili. Nilimwona akichoka. "Dada," akasema, "huyo mzee iko na simu?" Nikataja namba kwa kichwa. Akapiga, akaweka simu mezani ikiwa wazi ili wote tusikie. Nilipoisikia sauti ya mzee nilipumua. Nilikuwa na hakika kwamba yamekwisha. Nilifikiri hata jinsi tutakavyoicheka habari hii stoo, jinsi atakavyosema nilimpeleka baba yake kituoni.

Afisa alijitambulisha. Akauliza kama anamjua msichana anayeitwa Mapendo.

Halafu mzee akasema, "Iko mpangaji wangu ya jina hiyo. Mukimbizi."

"Anasema wewe ulimpa mbao ya bunduki alete huku kutengeneza."

Nyuma yake nilimsikia Maama Jolly akisema kitu, na mlango ukifungwa. "Hapana," mzee akasema. "Mimi sikumpa. Hiyo ilikuwa stoo. Stoo yangu iko karibu na chumba yake. Labda alichukua."

"Mzee, ni mimi," nikasema. "Mzee, ulisema ni mbao tu."

Hakunijibu mimi. Alimwambia afisa, kwa sauti ambayo sikuwahi kuisikia kwake, ya mtu anayesimama mbele ya mizani ya barabarani na mzigo uliozidi, "Bwana afande, mimi ni raia, bunduki yangu iko ndani ya nyumba. Huyo mtoto mimi simjui sana." Simu ikakatika.

Afisa alibaki amekishika kitako. Alikigeuza, akakipandisha polepole usoni, akakinusa. Akanusa tena. Akanitazama kwa namna nyingine. "Nani alifukiza hii?"

"Mimi. Mke wake alinifundisha. Juu ya chungu chake cha vyombo vya maziwa."

Alikiweka chini kwa uangalifu, kama mtu anayeweka chombo chenyewe. "Mimi nimezaliwa ndani ya hii moshi," akasema. "Mwizi hawezi kuiba kitu ya mzee, halafu akae na mama ya nyumba akifukiza. Mzee alikuona. Nyumba yote ilikuona." Nikaanza kulia, kwa kuwa nilifikiri nimeaminiwa na kwamba kuaminiwa kunatosha. Akaningojea nimalize. "Lakini dada, mimi siwezi kuandika harufu. Mwenye mali amesema hakukupa. Hiyo ndiyo naandika."

Hawakunifunga. Mzee hakuja kushitaki, kitako kikarudishwa Ruti kwa mkono wa polisi, na baada ya muda jambo lenyewe lilikufa bila kufika mahakamani. Lakini lilikuwa limeandikwa, jina langu karibu na neno bunduki, na katika kesi za kusafiri hakuna neno linalosafiri haraka kama hilo. Mama aliitwa ofisini. Aliambiwa ana njia mbili: wote wangoje hadi swali langu lijibiwe, au anitoe kwenye kesi na wao waende. Aliporudi alikaa kizingitini bila kuvua viatu. Sikumwacha anieleze. Nilisema nendeni, nikasema nitafuata, nikasema kwa uchangamfu kiasi kwamba mdogo wangu alinitazama kwa hasira. Nilikuwa nangoja mama aseme hapana. Hakusema. Alisema, "Weye ni mukubwa, una masomo." Nimelichambua jibu hilo kutoka kila upande. Alikuwa na watoto watatu wadogo na ndege mbele yake; mimi pia ningefanya hivyo. Najua. Lakini mwili wangu ulisikia kitu kingine, nao haujakubali kuelezwa.

Kabla hawajaondoka nilikwenda Ruti kuchukua vitu vyangu. Nilikuta vimefungwa vizuri, vimewekwa nje ya chumba, godoro juu ya kiti lisiguse matope. Maama Jolly alinikumbatia. Ndani nilisikia redio, na nikasikia kikohozi cha mzee. Nikasema nataka tu kumuuliza mzee jambo moja. Akaingia. Kupitia mlango nilisikia, kwa Kinyankore ambacho alijua nakielewa: "Mwambie sipo." Maama alirudi macho yakiwa chini, akanisindikiza hadi barabarani, na huko akaniambia. Kibali cha bunduki kilikuwa kimekwisha muda bila mzee kukihuisha. Alidhani akikiri kwamba alimpa mkimbizi kipande chake, wangekuja kutafuta kibali, wangeichukua bunduki ya baba yake. "Nilimwambia aseme," alisema. "Alisema wewe ni kijana, utapata njia nyingine, lakini bunduki ya baba haipatikani nyingine." Nilisimama nikijaribu kuyachukia maneno yale na kushindwa, kwa sababu mimi ndiye niliyeifanya bunduki ile iwe kitu cha kuogopwa kupotea. Miezi michache kabla, ilikuwa kutu iliyofungwa blanketi.

Juzi nilikwenda kumzika. Nilikaa nyuma, chini ya turubai, nikasikiliza hotuba. Mwanawe mkubwa alisema baba yao alikuwa mtu wa ukweli. Mwingine akarudia. Watu wakaitikia. Jirani aliyekaa karibu nami, hanijui, akanong'ona kwamba polisi walikuja siku ile ile mzee alipofariki, wakaichukua bunduki, kwa kuwa mwenye kibali akifa haiwezi kubaki nyumbani. Alisema ilikuwa nzuri sana, imetengenezwa na fundi wa Kampala.

Niliwangoja watu wapungue. Nilimkuta Maama Jolly ndani, ameketi kwenye mkeka, miguu imenyooshwa. Nilikuwa nimeyapanga maneno yangu tangu Kashojwa, nikayasahau yote, nikasema tu: "Maama, ofisi inataka mtu mmoja wa nyumba hii. Aseme kwamba nilipewa. Ni hilo tu, kesi yangu itafunguliwa."

Alinishika mkono, akaendelea kuushika. "Umewasikia wanangu leo," akasema.

"Nimewasikia."

"Nyumba hii sasa ni yao, Mapendo. Shamba ni lao. Hata mkeka huu. Niende kambini nikaseme baba yao alidanganya, halafu nirudi kulala wapi?"

Alilia kidogo, nami nikamfariji, na hilo pia lilinikera nikiwa nalifanya.

Nilipofika barabarani simu ililia. Alikuwa mama, kwao kulikuwa bado asubuhi, nilisikia maji yakichemka. "Umemuona ule mama?" akauliza.

"Nimemuona."

"Anasema nini?"

Nilitazama nyuma. Turubai lilikuwa likishushwa, vijana wakivuta kamba. "Anasema atakuja kusema," nikajibu. "Wacha kwanza matanga yaishe."

Nikamsikia mama akimshukuru Mungu, si kwa sauti, kwa pumzi tu. Akaniambia kwamba wamehamia nyumba yenye vyumba zaidi, na kwamba ametandika kitanda changu karibu na dirisha, mdogo wangu amekatazwa kukilalia. Ameshanunua hata blanketi. Nilisimama pale kando ya njia, nikamuuliza ni la rangi gani.